Kilichopita Forodhani Kikaishia Sahanini

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, aliweka mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwingine na Uingereza mwaka 1839. Katika yote miwili ushuru wa bidhaa za wageni ulikuwa asilimia 5. Seyyid hakuukusanya kwa mikono yake. Aliikodisha forodha, na kwa miaka mingi tangu muongo ule wa 1830 aliyeishika ni nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Banyani wa Kutch. Makarani wake walikaa ufukweni mwa Unguja, karibu na Ngome Kongwe, wakihesabu kila kilichoshushwa majahazini: marobota ya kitambaa cha merikani, magunia ya mchele, tende, samli, papa mkavu wa Arabuni, na pembe za ndovu zilizofika kwa mabega ya wapagazi wa bara.

Mtu akisimama leo kwenye bustani ya Forodhani saa moja za usiku, amesimama palepale. Moshi wa mishkaki unampiga usoni, mashine ya miwa inanguruma ikikamua muwa pamoja na ndimu na tangawizi, na wapishi waliovaa kofia nyeupe wanamwita kwa Kiswahili, Kiingereza na Kitaliano.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiuzunguka mji huu na sahibu yangu mmoja, mzaliwa wa Pangani, tukila. Hatuendi kwenye mikahawa yenye vitambaa vya meza. Tunakaa kwenye mabenchi ya mbao na barazani kwa watu, tunakula kilichopo siku hiyo, na tukimaliza cha chumvi tunatafuta kitamu. Yeye huuliza kila kitu kimetoka wapi, na mimi nikirudi nyumbani hutafuta majibu vitabuni. Matembezi hayo yamenifanya niamini jambo ambalo sikulisoma shuleni: chakula tunachokiita cha kwetu, karibu chote, kilipita mbele ya karani wa forodha, na kila kilichopita kilikuja na watu, wengine kwa hiari yao na wengine kwa minyororo.

Tuanze na urojo, kwa sababu ndio wenye ushahidi mwingi katika bakuli moja. Mchuzi wake wa manjano hupikwa kwa unga wa ngano na bizari, ukali wake ukitokana na embe mbichi au ndimu. Ndani hutiwa viazi mbatata vya kuchemsha, bhajia, kachori, yai, na nyama ya mishkaki. Juu humwagwa chatne ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba mpaka zinavunjika kwa kuguswa. Mimi nashikilia kwamba urojo ni wa alasiri na ni wa mtaani, uuzwe na mtu anayepika sufuria moja, likiisha limeisha. Sahibu yangu anashikilia kwamba wa Tanga unaushinda wetu. Ugomvi huo tumeuacha wazi.

Bhajia na kachori zimetoka katika majiko ya Wahindi wa Gujarat na Kutch, watu wa nyumba zilezile zilizoishika forodha. Embe kwao ni Asia. Ngano haikulimwa hapa, ilikuja kwa magunia. Muhogo na pilipili kwao ni Amerika, na waliovileta upande huu wa dunia ni Wareno, baada ya Vasco da Gama kupita pwani yetu mwaka 1498. Kiazi mbatata nacho ni mtoto wa Amerika, lakini kilichelewa kufika, na mpaka leo kinavuka bahari kutoka bara, kwa kuwa ardhi yetu ya joto haikipendi. Wareno walitolewa na Waomani. Fort Jesus ya Mombasa ilianguka mwaka 1698, na hapa Unguja Waomani wakajenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kanisa likaondoka, muhogo ukabaki, na mtaa mzima wa Mji Mkongwe ukaitwa Sokomuhogo.

Jina hilo la mtaa linastahili kutazamwa, maana pale ndipo inapoanza habari ya kula nje. Mji wa Unguja wa karne ya 19 ulijaa watu wasio na jiko: mahamali wa bandarini, mabaharia waliongoja kusi iwarudishe kwao, wapagazi waliongoja msafara wa bara upangwe. Walikuwapo pia watumwa waliokodishwa kama vibarua. Mtu wa namna hiyo alifanya kazi kutwa, akampelekea bwana wake sehemu ya ujira, na kilichobaki ndicho alichonunulia chakula. Matajiri walikula majumbani, kwenye vyano vilivyobebwa na watumishi. Salme binti Said, binti wa Seyyid aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, ameyaeleza maisha ya majumba hayo katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Chakula cha mtaani hakikupata mwandishi wa namna yake. Hata hivyo kililisha watu wengi zaidi, nao ndio walioujenga mji.

Amri ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897. Masuria waliachwa nje yake mpaka mwaka 1909. Waliopata uhuru, na hasa wanawake, wengi wao walijenga Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe, na wakahitaji kazi isiyotaka mtaji. Kupika ni mojawapo. Siti binti Saad, kabla ya sauti yake kuingia katika sahani za santuri mwaka 1928, alikuwa akipita mitaani akinadi vyungu alivyofinyanga mama yake. Mimi nikisikia habari za vyungu hivyo huwaza vilinunuliwa na nani, na kikapikwa nini ndani yake, na kikauzwa mlangoni kwa nani.

Asubuhi moja tulikwenda Ng'ambo kula vitumbua kwa bibi mmoja anayepika mlangoni kwake.

"Shikamoo bibi," sahibu yangu akaanza.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Vya mchele vitupu hivyo, ngano sikutia."

"Nani kakufunza?"

"Mama. Na yeye kafunzwa na mama yake, na wa mama yake vilevile. Huyo wa juu kabisa ndiye aliyefungua mlango huu." Akakigeuza kitumbua, akamtazama sahibu yangu. "Wa Tanga wewe. Nakujua kwa kuongea."

Tulikula mpaka chai ikapoa. Bibi hakujua mwaka aliofungua mlango yule wa juu, na daftari la serikali halina jina lake. Lakini ukihesabu vizazi vinne kurudi nyuma, hufiki mbali sana na ile amri ya 1897.

Sasa sukari. Hapa sahibu yangu ndiye mwenye habari, maana sukari ya pwani hii ina makao yake kwao. Katika karne ya 19 bonde la Mto Pangani lilikuwa nchi ya miwa. Waarabu wenye mashamba waliipanda kandokando ya mto, wakaikamua, wakapika sukari na asali ya miwa, na majahazi yakaibeba kwenda Unguja na Arabuni. Kazi hiyo ni katika kazi ngumu za shamba. Muwa ukikatwa haungoji, sharti ukamuliwe upesi kabla haujachacha, na moto wa kupikia haulali msimu mzima. Walioifanya ni watumwa. Mwaka 1873, mwaka uleule ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, watumwa wa mashamba ya Pangani waliasi, wakajitenga, wakajenga kijiji chao, Kikogwe. Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, naye alikuwa mwenye shamba la miwa. Tunamkumbuka kwa vita vyake, na ni haki tumkumbuke. Ni haki pia waliomlimia miwa wapate mstari wao.

Haya tuliyazungumza tukiwa tumekaa nje ya jiko la halua, tukingoja ipoe. Halua ilikuja na Waomani na imebaki kuwa yao na yetu pamoja. Wanga, sukari, maji, samli, iliki, zafarani, lozi au korosho: vitu vyenyewe ni vichache, kazi iko mkononi. Karai la shaba huwekwa juu ya moto, na mpishi husimama na mwiko mrefu akikoroga bila kupumzika, saa nzima na zaidi, maana akiacha kidogo tu chini itaungua na karai zima limeharibika. Mwanzoni ni uji mweupe. Kisha unabadilika rangi, unakuwa mzito, unaanza kuvutika, na mwisho samli inajitenga pembeni na kung'aa. Hapo mpishi anajua imeiva. Hatazami saa, anasikiliza mwiko. Yule tuliyemkuta alikuwa kijana mwenye mikono ya baharia, na alipokabidhi mwiko kwa mwenzake hawakupitisha pumzi kati ya mkono na mkono.

Harusi ya pwani haitimii bila halua. Mara akdi ikisomwa, sinia hupitishwa na kahawa chungu hufuata, mzee achukue donge kwa vidole, anywe finjani moja, amwombee bwana harusi. Kahawa yenyewe ina historia ya watu wake. Wengi wa wauza kahawa wa Unguja na Mombasa wa zamani walikuwa Washihiri, watu wa Hadhramaut waliokuja na kaskazi wakiwa maskini, wakibeba dele la shaba mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, wakivigonganisha ili mitaa isikie. Baraza za kahawa zimeendelea. Kashata ya njugu au ya nazi huenda pamoja nayo, kwa sababu ile kahawa haina sukari hata chembe na ulimi unataka msaada.

Nirudi Forodhani, nipite upesi. Kuanzia mwaka 1905 pale ngomeni ndipo treni ya Bububu ilipokuwa ikianzia safari yake, ikapita katikati ya mji ikiwatisha wapitao. Ilipofika mwaka 1928 ilikuwa imefungwa. Soko Kuu la Darajani lilikwisha funguliwa mwaka 1904. Mwishoni mwa miaka ya 1920 bandari mpya ya Malindi ikakamilika na shughuli za meli zikahamia huko. Ufukwe wa mbele ya ngome ukageuzwa bustani mwaka 1936, kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, na bendi ya Sultani ikapiga hapo. Ilikuwa bustani ya kutembea na kusikiliza.

Kisha vikaja vita vya dunia, na hapa sitapita upesi. Unguja ilikuwa nchi ya karafuu iliyokula mchele wa wenzake, na sehemu kubwa ya mchele huo ilitoka Burma. Mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Burma, magunia yakakatika. Serikali ya Kiingereza ikaweka mgao, na mgao wenyewe ukapangwa kwa kabila. Mwarabu na Mhindi walihesabiwa kuwa walaji wa mchele, Mwafrika akahesabiwa kuwa mtu wa muhogo na mahindi. Karani aliyeandika jina la mtu kwenye kadi alikuwa anaamua pia nini kitakuwamo chunguni mwake usiku. Mji ambao kwa vizazi ulikuwa umekula kitumbua kimoja mlangoni pamoja, ukafundishwa kwamba chakula kina kabila. Wanahistoria wanapotafuta chanzo cha chuki zilizotokota katika miaka ya 1950 hutazama vyama na magazeti. Kadi za mgao nazo zitazamwe. Mtu anaweza kusamehe hotuba. Kunyimwa mchele mbele ya watoto wake ni jambo jingine.

Mapinduzi ya Januari 1964 yakaondoa usultani na madaraja yake. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika siku za mwisho za Mzee Abeid Amani Karume, serikali ilizuia kuingiza mchele na vyakula vingine, ikitaka visiwa vijilishe vyenyewe, huku fedha za karafuu zikiwekwa akiba nje. Waliokuwa watoto wakati huo wanakumbuka foleni. Wanakumbuka unga wa ngano ukitoweka, na sukari ikipimwa kwa kijiko. Jiko la halua bila sukari ni jiwe na majivu. Nia ya kujitosheleza naiheshimu, ila naamini waliolipa gharama yake zaidi ni wale wasiokuwa na jamaa wa kuwaletea kitu kutoka bara au ng'ambo. Mlango ulifunguliwa tena kuanzia mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar na wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kuagiza mali. Darajani ikafurika bidhaa, watu wa Dar es Salaam wakavuka bahari kuja kununua, na ngano, sukari na mafuta vikarudi mitaani. Palipo na vitu hivyo vitatu, mpishi hatakosekana.

Watalii walipoanza kuja kwa wingi, Forodhani ikawa jiko la wazi tunalolijua leo. Mwaka 2009 bustani ilifunguliwa upya baada ya kutengenezwa na mfuko wa Aga Khan unaoshughulikia utamaduni: ukuta wa bahari, taa, njia za kupita, na wapishi wakapangiwa mahali pao. Na hapo ndipo kilipopata sifa kile wanachokiita pizza ya Zanzibar. Wapo wenzangu wanaokidharau, wakisema kimebuniwa kwa ajili ya wageni. Sikubaliani nao. Tazama mkono wa mpishi: anautandaza unga mpaka unaonyesha meza chini yake, anaweka nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho na yai, anakunja pembe nne, anakaanga. Huo ni mkate wa mayai unaouzwa Mombasa na Lamu, na wenyewe ni ndugu wa mutabbaq ya Yemen na Hijazi. Jibini iliyotiwa ndani ni nyongeza, na chokoleti na ndizi wanazowatilia watoto wa Kizungu ni nyongeza ya nyongeza. Jina ni la juzi. Mkunjo ni wa zamani sana.

Ninachokilalamikia ni bei. Pweza anayeliwa Forodhani wengi wetu hatumuwezi tena, na mwenyeji aliyekuja na watoto wake kupunga upepo anaishia kuwanunulia juisi ya muwa na kurudi nyumbani. Ndiyo maana mimi na sahibu yangu, jua likizama, huwa tunageuza mgongo tukaelekea Darajani, ambako mishkaki ni ya bei ya watu na urojo hauna bango la Kiingereza. Jioni moja hapo sahibu yangu alinunua mkate wa kumimina, akaula akiwa amesimama, akasema unafanana na wa mama yake kwa iliki ila umepungua nazi.

"Yakhe, kula kwanza, utahukumu baadaye," nikamwambia.

"Nahukumu nikila," akajibu.

Sahibu yangu ana shangazi yake Muscat. Mwaka 1970 Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi, maelfu ya waliozaliwa Unguja, Pemba na mwambao walikwenda, na Kiswahili chao kikaenda pamoja na masufuria. Siku hizi ukipita Muscat jioni utakuta nyama ikichomwa kwenye vijiti kando ya barabara, na Waomani wanaiita mishkak. Mandazi nayo yapo, yanaliwa na chai ya maziwa. Shangazi huagiza vitu vitatu kila apatapo msafiri: ubuyu, kashata za nazi na pilipili ya Pemba. Halua haagizi, anasema ya Nizwa inamtosha. Sahibu yangu hakubaliani naye hata kidogo. Safari yake ijayo amepania kumbebea kilo mbili za halua ya Wete, aonje zote mbili juu ya sinia moja, kisha aseme tena.